Sura ya Sita: Kifaransa Kinywani mwa Mtu wa Moshi

Miongoni mwa imani zinazowarudisha nyuma vijana wetu wanaojifunza Kifaransa, hakuna iliyo na madhara makubwa kuliko ile isemayo kwamba matamshi ya lugha hiyo ni kipawa cha waliozaliwa nayo, na kwamba mtu aliyelelewa kwa Kichaga na Kiswahili katika miteremko ya Kilimanjaro, hata akiidurusu sarufi usiku na mchana, atakufa na ulimi mzito usiofahamika na mwenye lugha. Imani hiyo nimeisikia Marangu, nimeisikia Kibosho, na nimeisikia katika madarasa ya mjini Moshi kwa wanafunzi wenye akili timamu na bidii isiyotiliwa shaka. Na kwa kuwa mtu aliyekwisha kuamini kwamba jambo haliwezekani hulishika kwa mkono uliolegea, imani yenyewe huzaa ushahidi wake. Sura hii imekusudiwa kuipinga. Nadai, na nitajitahidi kuthibitisha, ya kwamba vyombo vingi vinavyotakiwa kwa matamshi bora ya Kifaransa vimo tayari katika kinywa cha mtu aliyeipokea lugha ya Kiswahili kwa ukamilifu wake, na kwamba kile kichache kilichobaki hupatikana kwa mazoezi mbele ya watu.

Haja yenyewe yafaa itajwe, japo kwa muhtasari. Mlima huwaleta wasemaji wa Kifaransa kila mwaka, nao huweka maisha yao, kwa siku kadhaa, mikononi mwa kiongozi anayepaswa kufahamiana nao. Lakini mlima si sababu ya pekee. Mwendo wa takriban kilomita 80 kutoka Moshi, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi wa Novemba 1994, iliendesha kazi zake kwa Kiingereza na Kifaransa mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Mjini humo ndimo Warundi walimojadiliana juu ya amani ya nchi yao chini ya usuluhishi wa Mwalimu Nyerere, na alipofariki Oktoba 1999, chini ya Nelson Mandela, hata mapatano yao yakatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Na ndimo ilimo leo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako huko huko, ilizipokea Rwanda na Burundi mwaka 2007 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na katika mkutano wao wa Februari 2021 wakuu wa nchi waliridhia Kifaransa kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiswahili. Lugha ambayo babu zetu waliiona kuwa ya mbali imekwisha kufika kwa jirani.

Kwanza hatuna budi kuikataa desturi ya kukiendea Kifaransa kwa kupitia Kiingereza. Mwanafunzi wetu wa sekondari, ambaye Kifaransa kwake ni somo la hiari linalomfikia baada ya miaka mingi ya Kiingereza, huyakuta katika ukurasa maneno kama nation, table, information na restaurant, na kwa kuwa anazitambua sura zao huyatamka kama alivyozoea, akiuweka mkazo pale Mwingereza auwekapo na kuzififiza irabu zisizokaziwa. Ilhali katika mwendo wa silabi Kifaransa kiko karibu na Kiswahili kuliko kilivyo karibu na Kiingereza: kila silabi hupewa haki yake, irabu haipotezi sura yake kwa sababu tu haikukaziwa, na sentensi hutembea kwa hatua zinazokaribiana urefu. Tofauti iko mahali pa mkazo. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, naye Mfaransa huungoja mpaka silabi ya mwisho ya fungu zima la maneno, hivi kwamba katika je vais à la montagne hakuna neno linalojitenga na mkazo wake, bali fungu lote huelekea mwisho na kutua hapo. Mtu na alisome fungu la namna hiyo kwa mwendo wa Kiswahili, silabi kwa silabi, bila haraka na bila kumeza kitu, huku akiuhamisha mkazo hadi ncha ya fungu, naye atakuwa amejiondolea nusu ya ile lafudhi ya Kiingereza inayowachosha wasikilizaji wake.

Tena katika neno hilohilo montagne imo sauti ya ny tuliyo nayo katika nyumba na nyanya. Katika trois na voilà imo ile wa tunayoitamka kila siku katika kwao na mwana. Ch yao ni sh yetu, na ou yao ni u yetu bila kuongeza wala kupunguza. J yao, iliyo katika je na, kwa sura ya g, katika neige, yaani theluji, hatunayo, lakini njia ya kuifikia ni fupi, kwa kuwa z ni s iliyotiwa mtetemo wa koo, na j yao ni sh iliyotiwa mtetemo uo huo. Mwanafunzi aweke kidole kooni, aivute sh kwa muda, kisha angurume pasipo kuusogeza ulimi; koo likitetemeka chini ya kidole, ameipata.

Taabu halisi imo katika irabu, na hapa ndipo ningependa kila mwalimu na kila mwanafunzi autumie wasaa wake. Kiswahili kina irabu tano. Walimu wa Kifaransa, kwa hesabu yao ya kale, huhesabu kumi na sita, kumi na mbili za kinywa na nne za puani, ingawa wasemaji wengi wa Paris siku hizi wamekwisha kuziunganisha baadhi yake. Mwenye irabu tano akisikia sauti ya sita, sikio lake huipeleka haraka kwenye nyumba ya ile iliyo jirani, na mdomo hufuata sikio. Ushahidi wa kale wa jambo hilo tunao katika lugha yetu wenyewe, kwani neno divai, ambalo wenye kamusi hulihesabu kuwa limetoka katika du vin la Kifaransa, linaonyesha jinsi wahenga wa pwani walivyoisikia u ya Kifaransa: waliisikia kuwa ni i. Nao hawakukosea kabisa, maana ulimi wa sauti ile ni ulimi wa i kweli. Walichokikosa ni midomo.

Jioni moja katika kambi ya Horombo, ambayo iko kwenye kimo cha kiasi cha mita 3,700 katika njia ya Marangu, nilimsikiliza kijana mmoja mwongoza wageni akiwaeleza Wafaransa watatu mambo ya siku inayofuata. Mawingu yalikuwa yametanda chini yetu, yakiifunika nchi yote ya tambarare, na kijana alitaka kuwaambia kwamba safari iliyobaki itakuwa juu ya mawingu. Neno la juu ya kitu ni au-dessus, na la chini ya kitu ni au-dessous. Hayatofautiani ila kwa irabu ya mwisho. Kijana, ambaye sarufi yake ilikuwa safi, alitamka dessous mara mbili kwa moyo mkunjufu, na wale wageni wakatazamana, kisha mmoja akauliza kama mvua inatarajiwa na kama wavae makoti yao tangu alfajiri. Mzee mmoja wa kazi hiyo, aliyekuwa ameketi karibu akinywa chai, hakusema neno mbele ya wageni. Walipokwisha kwenda kulala alimwita.

“Mwanangu, hebu sema i.”

“Iii.”

“Usiuondoe ulimi hapo ulipo. Sasa kusanya midomo mbele, kama anayepuliza uji wa moto.”

Kijana alikusanya midomo, na ile sauti ikatoka, nyembamba na kamili, naye mwenyewe akashtuka.

“Ndiyo hiyo hiyo, mzee wangu?”

“Ndiyo hiyo. Sasa ukalale nayo.”

Sijaona katika kitabu chochote maelezo bora kuliko hayo ya mzee wa Horombo. Ulimi wa i, midomo ya u: hiyo ndiyo u ya Kifaransa. Na mtu akishaifahamu kanuni hiyo, ile sauti nyingine inayowasumbua watu, eu, humfuata kwa njia ya kiasi, kwa kuwa ni ulimi wa e pamoja na midomo ya o. Asiyeitengeneza sauti hii atawaambia wageni wake, wakati wa kupanda, kwamba zimebaki saa mbili za mwendo, deux heures, nao watasikia douze heures, yaani saa kumi na mbili. Maana x ya deux na z ya douze huungana na heures kwa z ile ile, na kilichobaki cha kutofautisha ni irabu tu. Mtu mwenye kuumwa kichwa kwa sababu ya kimo, anayeihesabu kila hatua, akiambiwa kwamba bado saa kumi na mbili, anaweza kukata tamaa akarudi. Kadhalika kiongozi anayemwuliza mgonjwa kama amekunywa maji, vous avez bu, hana budi kuitoa ile bu kwa ulimi wa i, kwani boue ni matope. Kwa sababu hiyo nawashauri wanaojifunza kwa ajili ya kazi ya mlima waanze na jozi za maneno kama hizi, dessus na dessous, deux na douze, rue na roue, tu na tout, wazirudierudie wakitembea, mpaka sikio lenyewe likatae kuzichanganya.

Baada ya hizo huja irabu za puani, nazo huogopwa bila sababu. Mswahili akisoma bon huwa na tabia ya kuufikisha ulimi kwenye ufizi na kuimaliza n, na wakati mwingine, kwa kuwa silabi zetu hupenda kufungwa na irabu, huongeza i mwishoni ikawa boni. Kumbe katika bon hakuna n kabisa. N iliyoandikwa ni alama tu ya kuarifu kwamba pumzi igawanywe, nyingine ipite kinywani na nyingine puani, na ulimi usiguse kitu. Hapa waliopita chuoni, nao ni wengi katika Moshi na vitongoji vyake, wana hazina ambayo sijaona ikitumika. Mtoto aliyefundishwa tajwidi, yaani elimu ya kuisoma Kurani kwa matamshi sahihi, ameambiwa tangu utotoni kwamba kila herufi ina makhraji yake, mahali inapotokea. Ameonyeshwa koo, ulimi, midomo na tundu la pua. Amefundishwa ghuna, yaani ule mvumo wa puani, na kuushikilia kwa kipimo. Na amefundishwa ikhfaa, ambayo kwayo nuni hufichwa mbele ya herufi fulani, mvumo ukabaki puani na ulimi ukaachwa bila kugota mahali pa nuni. Mwalimu wa Kifaransa akimwambia mwanafunzi wa namna hiyo aitamke bon kwa ikhfaa na asiifikie nuni, amekwisha kumpa katika dakika moja kile ambacho wengine hukitafuta muhula mzima. Wala asiyepita chuoni hakunyimwa njia: na aibane pua kwa vidole viwili huku akitamka beau, kisha bon, ya kwanza haitabadilika, na ya pili itazibika, naye atakuwa ameujua kwa vidole vyake mwenyewe mlango unaopitiwa na sauti.

Zikishatulia, azigawanye tatu zilizo kubwa, vin, vent na vont, yaani divai, upepo na wanakwenda, kwa kuufungua mdomo kwa vipimo vitatu: kwa ile ya kwanza midomo itanuke kidogo kama mwenye kuanza kutabasamu, kwa ya pili taya lishuke, na kwa ya tatu midomo ijikusanye mviringo. Ya nne, ile ya un na brun, haina haja ya kumkosesha mtu usingizi, maana ndiyo hasa wanayoiacha Wafaransa wengi wa kaskazini.

Nimeichelewesha r kwa makusudi, kwa kuwa watu huitanguliza na kuitukuza kupita kiasi, hata wakadhani kwamba anayeikwaruza r kooni amekwisha kukijua Kifaransa. R ya Paris hutokea nyuma ya kinywa, karibu na kilimi, na jirani yake katika lugha yetu si r bali ni gh, ile ya ghali, ghafla na lugha, inapotamkwa na mtu wa Unguja au Mombasa kama inavyostahili; na ikitanguliwa na p, t au k hupoteza mtetemo wake ikakaribia kh ya kheri, ndiyo maana très na prendre husikika kwa mkwaruzo. Tajwidi pia imeziweka ghaini na khaa pamoja, katika sehemu ya koo iliyo karibu zaidi na kinywa. Lakini sisi wa bara tumekwisha kuzoea kusema gali na luga, na kwa uzembe huo tumeipoteza herufi ambayo ingetufaa. Basi mtu wa Moshi anayetaka r ya Kifaransa aanze kwa kuirudisha gh ya Kiswahili mahali pake. Akiweza kusema lugha kwa ufasaha mara mia, rouge na Paris zitamjia bila kupigana nazo.

Hata hivyo nasema wazi kwamba r haina uzito wa u wala wa irabu za puani. Katika Kongo na Burundi, na katika nchi nyingi za Afrika Magharibi, mamilioni ya watu husema Kifaransa sahihi na cha kupendeza kwa r ya ncha ya ulimi, kama hii yetu. Wafaransa wa mashamba waliisema hivyo kwa karne nyingi, na hakuna neno linalogeuka maana kwa sababu yake. Mwanafunzi mwenye muda mchache auweke kwanza katika irabu, kisha r ijitengenezee njia yake baadaye.

Kuhusu maandishi sitakawia. Herufi nyingi za mwisho ni bubu. S moja kati ya irabu mbili husomwa z na s mbili husomwa s, jambo ambalo mpishi wa kambi hana budi kulijua kabla hajatangaza chakula cha jioni, kwa kuwa poisson ni samaki na poison ni sumu. Na konsonanti iliyonyamaza huweza kufufuka mbele ya irabu, kama katika les amis na vous avez. Mambo hayo yamo katika kila kitabu cha sarufi. Lakini iko busara iliyotangulia sarufi, nayo ni ya kuipokea sauti kabla ya herufi. Mwaka 1886 mjini Paris, Paul Passy pamoja na walimu wenzake waliunda chama kwa ajili ya kuieneza rai hiyo, na katika miaka iliyofuata chama hicho kikatoa alfabeti ya sauti inayotumiwa hata leo katika kamusi za ulimwengu mzima. Anayezijua alama chache tu za alfabeti hiyo hawezi tena kudanganywa na tahajia.

Naona pia faida kubwa katika kumkumbuka mtu aliyeisafiri njia hii kwa upande wa pili. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa kwa asili ya shirika lao, walikuwa Unguja na Bagamoyo kabla ya kufika huku. Mwaka 1890 Askofu de Courmont, pamoja na Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, walipanda mpaka Kilema, na misheni ya Kilema ikazaliwa na safari hiyo, ikafuatwa na ya Kibosho mwaka 1893. Wazee huwataja zaidi kwa sababu ya kahawa waliyoileta, ile ya aina ya Bourbon, jina la zamani la kisiwa cha Réunion. Kifaransa chao hawakukiacha mlimani, kwa kuwa walifundisha kwa Kiswahili; lakini mwenzao mmoja wa pwani, Padre Charles Sacleux, aliacha kitu ambacho nakihesabu kuwa somo la matamshi kwa mataifa yote mawili. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitoka 1891, kitabu chake cha sarufi ya lahaja za Kiswahili kilitoka 1909, na kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikaanza kuchapishwa 1939 alipokwisha kuwa mzee sana. Ndani ya kazi hizo mna sikio lililokubali kunyenyekea: alizitofautisha lahaja moja moja, akaziandika konsonanti zinazotamkwa kwa pumzi na zisizo na pumzi, tofauti ambazo Wazungu wengi wa wakati wake walizipita bila kuzijali. Mfaransa huyo hakuzaliwa na sauti zetu. Alizikalia kitako miaka mingi, akawasikiliza wenyewe. Ikiwa sikio la mtu mzima wa Ulaya liliweza kujifunza kuipambanua p na p nyingine katika vinywa vya watu wa Mvita na Amu, sioni kwa nini sikio la kijana wa Machame lishindwe kuipambanua u na ou.

Sasa nije kwenye mazoezi. La kwanza ni kusikiliza kila siku kwa kiasi kidogo. Radio France Internationale ina taarifa ya habari iliyotungwa kwa Kifaransa chepesi, ya dakika kumi, ambayo maandishi yake pia hupatikana katika intaneti. Na mtu akiisikiliza mara ya kwanza bila maandishi, mara ya pili akiyatazama, na mara ya tatu akimfuatisha msomaji kwa sauti, nyuma yake kwa neno moja au mawili, atakuwa amelifanyia kazi sikio na ulimi kwa pamoja. Habari zenyewe aghalabu ni zile alizokwisha kuzisikia kwa Kiswahili asubuhi hiyo, hivyo maana haimshughulishi na akili yote inabaki kwa sauti. La pili ni kujirekodi kwa simu. Watu wengi huona haya kuisikia sauti yao wenyewe, nami nawasihi wavumilie, kwa maana kinywa hakijisikii kinapokuwa kikifanya kazi; sentensi tano zikirekodiwa na kulinganishwa na za msemaji wa redio huonyesha kasoro ambazo mwalimu mwenye wanafunzi arobaini hana nafasi ya kuzitaja. La tatu ni imla, zoezi la kale lililodharauliwa siku hizi, ambalo Wafaransa wenyewe wanalipenda hata kulifanyia mashindano: mmoja asome, wengine waandike, kisha walinganishe. Imla huwafichua wote wawili, aliyesikia vibaya na aliyetamka vibaya. Nyimbo nazo hupendeza na zina manufaa, ila mwanafunzi ajue kwamba mwimbaji huitamka e ya mwisho ambayo msemaji huinyamazia, asije akaihamishia katika mazungumzo.

Lakini yote hayo ni maandalizi. Lugha hukomaa kati ya watu, na hapa ninataka kuwahimiza wasomaji wangu waache kumtafuta Mfaransa wa Ufaransa kana kwamba ndiye pekee mwenye idhini ya kuwasahihisha. Mgeni wa mlimani hukaa siku sita au saba, amechoka, na ni mwingi wa adabu, hivyo atakusifu badala ya kukurekebisha. Mtu wa Bukavu, wa Goma, wa Lubumbashi au wa Bujumbura, ambaye si shida kumpata katika vyuo, makanisa na biashara za Moshi na Arusha, amesoma shule kwa Kifaransa na anasema Kiswahili pia. Anaweza kukueleza kosa lako kwa lugha unayoielewa, na anajua kwa nini ulikosea, kwa kuwa yeye mwenyewe alizivuka irabu zile zile akitoka katika lugha za Kibantu kama wewe. Simjui mwalimu anayemfaa zaidi mwanafunzi wetu. Mwendee kwa heshima, umwombe saa yake moja kwa juma, ulipe unachoweza au umfundishe Kiingereza kwa badili, na umwombe akusahihishe jambo moja tu kwa kikao, leo u, juma lijalo en, kwani anayesahihishwa kila neno hunyamaza. Aliye na uwezo wa kufika Arusha au Dar es Salaam atakuta Alliance Française, na akitaka cheti, mtihani wa DELF, ambao ngazi zake hupanda kutoka A1 hadi B2, una sehemu ya kusema mbele ya mtahini, na cheti chake hakina mwisho wa muda.

Kwa waongoza wageni na wapagazi nina ushauri wa peke yao. Miezi ya masika, hasa Aprili na Mei, mvua huupunguzia mlima wageni na vijana wengi hukaa nyumbani wakingoja Juni. Huo ndio wakati wa kuweka baraza la Kifaransa, la watu wanne au sita, katika ukumbi wa nyumba yoyote iliyo karibu na njia, Marangu Mtoni au Machame au penginepo. Masharti yake yawe machache. Kwa muda wa saa moja lisisikike neno la lugha nyingine, na anayekwama aonyeshe kwa mikono au azunguke kwa maneno mengine, kama atakavyolazimika kufanya katika kambi ya Barafu usiku wa manane. Kila mmoja kwa zamu awe kiongozi, na waliobaki wawe wageni wenye maswali: ni mita ngapi, tutalala wapi, maji yamechemshwa, mkuu wa kambi ni nani, kidonda hiki nikifanyeje. Mmoja ashike simu na kurekodi. Mwisho wa saa wasikilize pamoja, wachague makosa matatu yaliyoweza kumpoteza mgeni, na kila mtu aondoke akiwa ameandika katika daftari lake yale maneno matatu pamoja na jirani zao wanaofanana nao, ayafanyie kazi mpaka kikao kitakachofuata. Wakimpata Mkongo mmoja wa kukaa nao, wamkaribishe chai na wampe kiti cha mbele.